Betri Ilimkata Baba Katikati ya Neno

Wakuu, mmewahi kuona mtu anakatika sauti katikati ya sentensi, pap, kama redio iliyochomolewa waya?

Mimi nimeona. Tena ni baba yangu mzazi.

Mzee wangu alikuwa dalali wa mnada. Alikuwa na koo la kunadi kabati bovu watu wakaligombania.

Ugonjwa ukamvamia koo hilohilo, madaktari wakamtoa kisanduku cha sauti. Tangu hapo anatumia kifaa kama tochi ndogo. Anakibana shingoni, kinanguruma, yeye anaunda maneno kwa midomo.

Betri za kawaida zilikuwa hazimalizi wiki, maana hata ugonjwa haukumpunguzia mdomo. Nikajifanya mjanja, nikamletea betri ya kuchaji.

"Baba, hii unachaji, unatumia, unachaji tena. Itadumu miaka."

"Itanizika," akajibu kwa mashine. Tukacheka.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba betri ya kawaida ikichoka, sauti inafifia taratibu, unapata muda wa kubadilisha. Hii inapiga kazi kwa nguvu zote, halafu inazima. Haiagi.

Sasa kaka yangu mkubwa. Yeye na mzee walikuwa hawasemezani tangu mzee alipogoma kwenda kwenye harusi yake. Siku moja akampigia mama simu, kesho yake akaja kutuaga, anahamia nje ya nchi na mkewe, jumla. Taksi inamsubiri mlangoni, injini inawaka.

Hata kukaa hakukaa.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuaga."

Mzee akabana kifaa shingoni.

"Mwanangu, mimi sitaki..."

Kimya.

Midomo ikaendelea kucheza, sauti hakuna. Akabonyeza, akatikisa, akakigonga kwenye goti. Kaka wala hakuona, alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Sawa baba. Nimekusikia."

"Kaka subiri, chaji imekata!"

"Mdogo wangu, wewe kila siku ni wakili wake."

Akatoka. Nikavamia droo, betri za zamani nilishazitupa zote. Mzee akajikokota hadi mlangoni, mdomo wazi, mkono juu. Taksi ikakata kona.

Nilisimama pale na koo langu zima, sijui hata nipige kelele gani. Nililia kama mtoto.

Chaji ilipoingia kidogo, mzee alimalizia akiutazama mlango.

"Sitaki uondoke ukidhani sikupendi. Nilikosea. Nisamehe mwanangu."

Nikamrekodi, nikamtumia kaka. Tiki moja. Nikapiga, haipatikani. Miezi imepita, bado ni tiki moja.

Lakini kilichonimaliza ni mama. Nilimuuliza, "Ile betri niliijaza mwenyewe jana. Imeishaje kabla ya mchana?"

Mama akajifuta macho kwa kiganja.

"Tangu alfajiri alijifungia chumbani, anafanya mazoezi. Maneno hayohayo, anayarudia na kuyarudia. Aliogopa asije akakosea mbele ya mwanawe."



Wakuu, betri ya kuchaji ni nzuri, nunueni, ila wekeni na nyingine ya akiba. Na kama una neno la msamaha kwa mtu wako, usilipambe wala usilikariri. Mpe likiwa bichi hivyohivyo, tena anza nalo kabla ya salamu.