Magoti Yangu Mbele ya Roboti

Siku ya wazazi shuleni kwetu Kamachumu nilijiaibisha, na bora mnisikie mimi kuliko wanafunzi wangu. Tulikuwa tumeunda roboti ya kumpelekea mgeni rasmi kisahani cha kahawa ya kutafuna, zile buni kavu ambazo kwetu mgeni hukaribishwa nazo. Mbele ina kihisi, na kikiona kitu njiani, roboti inasimama.

Tukaiwasha. Ikatembea kidogo, ikasimama. Nikabadilisha betri, ikasimama tena. Nikamgeukia Koku wa darasa la sita, aliyeandika programu. "Nilikwambia uikague, hukusikia." Mgeni akatazama saa. Kila roboti ilipoondoka nilikimbilia mbele yake na kupiga magoti miguuni pa mgeni, maana mimi nimelelewa Kanazi, na kwetu mwanamke hamkaribishi mzee kahawa akiwa amesimama.

Mara ya nne Koku akanyoosha mkono kama tuko darasani.

"Mwalimu, samahani. Programu ni nzima. Ulitufundisha kwamba kihisi hakichagui, kikiona chochote kinasimamisha roboti. Kimeona magoti yako."

Ukumbi mzima ukayatazama. Nilikuwa bado nimeyapiga.