Nilivyomsomesha Swabra kwa Kanga na Komwe

Siku ya kwanza kazini nilifika Mkunazini kutoka kwetu Matemwe nikiwa na mfuko mmoja wa nguo. Kazi niliyoitiwa ilikuwa kupika, kufua na kumwangalia mtoto. Kusomesha hakukutajwa, na kungetajwa ningerudi siku ileile, maana nina elimu ya darasa la saba tu, na mbele ya watu sauti yangu huingia ndani ikakataa kutoka. Sijafika umri wa kuitwa mzee. Lakini kazi ile nimeshaimaliza, na wasichana wanaokuja mjini kufanya kazi za nyumba huniuliza niliifanyaje. Nawaandikia wao, polepole kama ilivyo kawaida yangu.

Wakubwa wangu wa kazi walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mama Swabra, muuguzi wa zamu, ambaye mumewe alikuwa anafanya kazi Maskati. Wa pili ni Bi Mkubwa, mama mkwe wake, mwenye nyumba. Mama Swabra alitoa amri akiwepo. Bi Mkubwa alitoa amri wakati wote, amekaa kwenye kiti chake dirishani, pale ambapo huiona njia nzima na kila anayeingia kwa kila mtu.

Mtoto mwenyewe, Swabra, alikuwa na miaka saba na maradhi ya seli mundu. Ni maradhi ya damu yanayoleta maumivu ya mifupa, na baridi, kiu au uchovu huyaamsha. Skuli alishaanza, lakini siku za kulala zilizidi siku za kwenda, na kila akirudi anawakuta wenzake wameshapita mbele. Basi Mama Swabra akakubaliana na Mwalimu Mkuu kwamba mwaka ule mtoto asomeshwe nyumbani, na mwisho wa mwaka apimwe. Akiweza, ataingia darasa la pili na wenzake. Asipoweza, ataanza upya na watoto wadogo. Swabra alilijua hilo vizuri. Rafiki yake Nasra, wa nyumba ya pili, alikuwa mmoja wa wenzake hao, na Swabra aliniambia kwamba akiwekwa na wadogo hatakwenda skuli tena maisha yake.

Mama Swabra alinipa kazi hiyo nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikamwambia mimi si mwalimu. Akaniuliza kama najua kusoma, nikasema najua. "Basi unachokijua mpe," akasema, akaenda zamu.

Bi Mkubwa alilisikia hilo na hakulipenda. Aliniita mbele ya kiti chake. "Msichana hata salamu huitoa kwa kuidokoa, leo awe mwalimu? Haya. Nampa mpaka Maulidi. Ikifika Maulidi mtoto hajajua kusoma, anarudi skuli na wadogo zake, na wewe unarudi kwenu ukafunge mwani."

Nikaanza kama nilivyosomeshwa mimi: kitabu, daftari, mtoto anyooke. Haikwenda hata wiki. Swabra akikaa kitako kwa muda mgongo unamuuma, na akiumwa herufi zote kwake ni moja. Siku moja amelala mkekani ananitazama nikipima mchele, akaniuliza kwa nini natia mara nne. Nikamweleza kwamba kile kikopo ni kibaba, na vibaba vinne vinafanya pishi, kipimo cha wazee. Akataka kupima yeye. Akapima, akamwaga, akapima tena, na kabla tui halijachemka alikuwa anajua pishi mbili zina vibaba vingapi na nusu ya pishi ni nini. Nami nikapata kujua namna ya kumsomesha.

Tangu hapo somo likawa ndani ya kazi. Kujumlisha na kutoa tulifanya kwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za kuchezea bao, ambazo mtoto anaweza kuzihesabu hata akiwa amelala ubavu. Herufi aliziandika kwa kidole kwenye sinia la unga kabla sijaukanda. Daktari alitaka anywe maji mengi, basi kila bilauri aliyokunywa aliichorea mstari wa mkaa kwenye kigae jikoni, na jioni tukahesabu. Siku akiumwa hatukusoma. Siku akiwa mzima tulisoma tangu chai mpaka adhuhuri. Mkishika kazi hii msiogope siku tupu. Mtoto mgonjwa huwa na saa zake, na ukizivizia hukosi kitu.

Kusoma ndiko kulikonitia hofu, kwa sababu ya ahadi ya Maulidi. Vitabu vya Mama Swabra vilikuwa na picha za theluji na wanyama tusiowajua. Dawa niliipata juu ya nyumba, kwenye sakafu ya wazi tunapoanika nguo, ambako jua la asubuhi lilimfaa Swabra mifupa yake. Kanga, kama mjuavyo, ina pindo pembeni, mji katikati, na chini ya mji pana jina, yale maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Bi Mkubwa alikuwa na sanduku zima la kanga. Nilizianika majina yakiwa juu, naye akapita chini ya kamba akisoma silabi moja moja: ma, ma, ni, ma, ma. Kanga ikimshinda niliifua tena wiki ile. Bi Mkubwa alilalamika kwamba sabuni za siku hizi zinachujua nguo. Nikapanda juu kuanika.

Kipupwe kilipoingia, nyumba za mawe zikawa na ubaridi, na Mama Swabra akatutuma Matemwe kwa wiki chache. Huko mkubwa wangu wa kazi alikuwa mama yangu, ambaye kazini hajui mgeni. Alimkalisha Swabra bandani, akamfunika, akampa rundo la taitai, zile kamba fupi za kufungia miche ya mwani kwenye kamba kubwa. Kila kamba kubwa inataka kumi kumi, na Swabra akifunga tisa alirudishiwa. Hesabu ya kuzidisha aliipata pale. Akajua na bamvua, kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndipo maji hutoka mbali na watu wakashuka shambani. Alirudi mjini amenenepa, na kanga zilimngoja kambani.

Maulidi ikakaribia. Nyumba yetu ilikuwa inasoma kila mwaka, na wanawake wa mtaa wakaja kusaidia kuchambua mchele. Miongoni mwao alikuja Bi Zuwena, jirani wa mkabala. Yeye na Bi Mkubwa mwezi ule hawakuwa na maelewano, kwa sababu Bi Mkubwa, kutoka kwenye kiti chake, alikuwa amesema neno kuhusu wageni wanaoingia kwa Bi Zuwena, na neno lile lilishavuka njia. Bi Zuwena akavua buibui. Ndani alikuwa na kanga mpya. Akageuka kulitundika buibui, na mgongo wake wote ukatuelekea.

Watu wazima wote ukumbini walisoma, kisha wote wakainamisha macho kwenye mchele. Ndivyo ilivyo kwetu. Jina la kanga husomwa kwa macho. Aliyevaa anajua, aliyevaliwa anajua, na hakuna anayetamka. Mimi hili nilikuwa nalijua tangu utotoni, kiasi kwamba sikukumbuka kuwa ni jambo la kufundishwa.

Swabra akainua kichwa kutoka kwenye sinia letu. "Wa-ka-a di-ri-sha-ni," akaanza, kwa sauti ileile ya juu kambani. Nikamgusa goti, akadhani namhimiza. "Chu..." Hapo akakwama, kwa sababu silabi za ng zilikuwa bado zinamsumbua.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa dirishani.

"Malizia, mwanangu," akasema.

"Chu-ngu cha-ko cha-u-ngu-a." Akayavuta yote pamoja, kama nilivyomzoesha. "Wakaa dirishani, chungu chako chaungua."

Bi Zuwena alibaki na mkono kwenye msumari wa buibui. "Mie nlipenda rangi tu, Bi Mkubwa," akasema. Hilo ndilo jibu la kila mvaaji.

"Rangi nzuri," akajibu Bi Mkubwa. "Na mjukuu wangu kaisoma mpaka mwisho."

Mwanamke mmoja akaguna ndani ya sinia lake, wa pili akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita ukumbi mzima. Bi Zuwena akaketi, naye akacheka. "Basi leo kilichoungua ni changu mie," akasema, akavuta ungo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu nguo zangu kichwani. Baada ya alasiri, wageni walipokwisha kutoka, nikasikia naitwa.

"Kazija."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Nani kakuruhusu kufanya kanga zangu kitabu?"

Akanitazama mpaka akachoka.

"Ndiyo maana zimechujuka. Haya, Maulidi haijafika na mtoto kasoma mbele za watu. Utakaa. Lakini mfundishe kusoma kwa macho, kabla hajatugombanisha na mtaa mzima."

Kusoma kwa macho, yaani kusoma kimya, ni hatua ya mbele, na wala sikujua kama ningeiweza. Tulianza juu kambani. Anaitazama kanga, anafunga mdomo, kisha ananinong'oneza sikioni imesema nini. Aliupenda mchezo huo kuliko yote, kwa sababu aliona ni siri ya watu wazima.

Mwisho wa mwaka tukaenda kupimwa. Mama Swabra alikuwa zamu, basi Bi Mkubwa akavaa buibui lake jipya akatuongoza mwenyewe. Mwalimu Mkuu, mtu mpole wa maneno machache, akampa Swabra kitabu na kumwambia asome ukurasa uliofunguliwa. Swabra akainama. Macho yakashuka mstari kwa mstari, mdomo umefungwa. Akafika chini, akanyanyua uso, akatulia.

Mwalimu Mkuu alingoja. Kisha akamgeukia Bi Mkubwa na kusema kwa upole kwamba hakuna haraka, labda ni vyema mtoto aanze na wadogo. Nilitaka kusema. Maneno niliyokuwa nayo yalijaa kifuani, na sauti ikaingia ndani kama kawaida yake.

Swabra alikuwa ameshaelewa kinachosemwa, na machozi yalishaanza kumlenga. Akamwegemea bibi yake. "Bibi, hii inasemwa?"

"Sema, mwanangu," akasema Bi Mkubwa. "Hiyo haikuandikiwa mtu."

Akasoma ukurasa wote, na Mwalimu Mkuu alipomzuia akauliza kama anaweza kugeuza wa pili. Hesabu alizifanya kwa vipande vya chaki alivyoviomba mwenyewe. Tukaambiwa skuli zikifunguliwa aje darasa la pili. Njia nzima ya kurudi Bi Mkubwa alisalimia kila mtu, hata wasiotusalimia.

Wengi wanadhani kazi yangu ilikwisha asubuhi ile Swabra alipotoka na Nasra kwenda skuli, chupa ya maji shingoni. Haikuwa hivyo. Wiki chache baadaye maumivu yalimrudia, akalala nyumbani, na Nasra akampitishia masomo aliyoyakosa. Nikaacha kuosha vyombo, nikabeba komwe na sinia la unga, nikaenda kukaa pembeni ya mkeka kama zamani. Swabra alikuwa amelala ubavu, kitabu mbele yake, midomo imefungwa na macho yanatembea. Alipofika mwisho wa ukurasa ndipo akaniona.

"Da Kazija, wewe kapumzike," akasema. "Hii naijua."

Nikabeba sinia langu, nikarudi jikoni, na ule unga nikaukanda.