Mchi wa Baba

Mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa hutoa harufu ya uchachu, na mwaka ule harufu hiyo ilimganda baba yangu. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Majengo, mjini Songea, mpaka kiharusi kilipomwangusha na kuuacha mkono wake wa kulia ukining'inia tu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikafurika sokoni, na wateja wa nguo za kushona wakawa wa kutafuta kwa tochi. Mkono usipopona, hata hao wachache tungewakosa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na jioni nilimwona akihangaika kupitisha uzi kwenye sindano mpaka jasho linamtoka.

Sista aliyemfanyisha mazoezi katika hospitali ya misheni alisema mkono utarudi, mradi utumikishwe nyumbani kila siku. Akatuagiza tutafute kifaa cha kuinuliwa kwa mikono miwili, kisicho kizito sana, ili mkono mzima uuongoze ule mgonjwa. Basi Jumamosi tukaenda kuchagua. Katikati ya mafungu ya mitumba, muuzaji mmoja alikuwa ametundika springi za kutanua kifua, zenye vishikio viwili vya mbao vinavyong'aa. Baba alizipenda papo hapo, lakini vidole vyake vya kulia havikuweza hata kukunjika kwenye kishikio. Vijana wa jirani wakamwazima chuma chao, bomba lenye kopo la zege kila upande, nacho hakikunyanyuka. Tulipokuwa tumekaa tumekata tamaa, mama akautazama mchi uliosimama kwenye kona ya jiko.

"Baba Agnes, hebu jaribu huu."

"Unanitania, Mama Agnes?"

Hakuwa anamtania. Baba akaushika mchi kwa mkono wa kushoto, mama akamfungia vidole vya kulia kwa kipande cha khanga, na mchi ukainuka. Jiko letu lilikuwa dogo, paa lake la chini, kwa hiyo ilibidi atwangie uani, na ua wetu haukuwa na uzio. Kila asubuhi wanawake waliotoka misa walipita hapo. "Tumsifu Yesu Kristo," walisema, na baba, huku anahema, akajibu, "Milele, amina." Wakishatupita hatua chache, wananong'ona. Kwetu mwanamume hatwangi. Mwanamume akitwanga ilhali mkewe mzima wa afya amesimama pembeni anamhesabia, watu hawaulizi habari za kiharusi. Wanajua tu kwamba amelishwa limbwata, ile dawa ya kumtia mume kiganjani. Shuleni wenzangu waliniuliza kama mama hutia dawa hiyo kwenye mboga au kwenye chai. Niliona aibu mno, nikawa napita njia ya nyuma ili nisifuatane na mtu yeyote mpaka nyumbani.

Na mkono ulikuwa unarudi. Kile kitambaa cha khanga hakikuhitajika tena, na asubuhi moja baba alishika mkasi, akakata ukingo wa shuka. Ulikatika upogo, lakini mama aliushangilia kwa vigelegele.

Kisha ikafika zamu yetu ya kupokea jumuiya, yaani majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mama alipika chai ya maziwa na maandazi tangu alfajiri. Wanajumuiya walisali, wakaimba, wakatuombea afya njema, kisha kila mmoja akawa na udhuru: huyu amefunga, yule tumbo linamsumbua. Mama Tobias, jirani tuliyekuwa tukipeana naye moto na chumvi, alikisukuma kikombe chake taratibu kana kwamba kina nyoka. Walipoondoka, vikombe vyote vilibaki vimejaa, chai imefanya utando juu. Mama alianza kuvikusanya huku analia kimyakimya, baba akimtazama.

Kesho yake baba alikwenda sokoni, akarudi na zile springi, ingawa mkono wake bado haukuwa na nguvu ya kuzitanua. Akazitundika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeziona, na wageni wakazisifia kweli. Mama alimsihi arudie mchi, hata usiku. "Bora nikose mkono kuliko wewe ukose watu," alimjibu. Nami, Mungu anisamehe, nilipumua. Baada ya muda wanawake wakarudi kunywa chai yetu, na vidole vya baba vikakakamaa upya.

Siku hizi Songea watu wanakimbia barabarani alfajiri wamevaa nguo za kubana, wake kwa waume, wanapita wakisalimiana. Mume wangu ana mkeka wake wa mazoezi sebuleni. Hurusha miguu juu wageni wakiwapo, na hakuna anayeniuliza nimemlisha nini. Wageni wanacheka naye, wanakunywa chai yangu, nami naona aibu ambayo siwezi kuwaeleza. Siku niliyoolewa, baba alisimama mlangoni kuwapokea wakwe zangu. Alimpa kila mmoja mkono wa kushoto, huku akimwomba radhi.