Mbuzi Aliyekula na Mimi

Kuna harufu moja ambayo siwezi kuisifia mbele ya mtu asiyefuga nikaeleweka: pumzi ya mbuzi aliyeshiba, anayecheua. Ni harufu ya majani yaliyovundikwa, ya uchachu kidogo na uvuguvugu, kama chungu cha togwa kinapofunuliwa. Juzi mteja mmoja alimfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya duka langu hapa Mikumi, ninapouza pumba, mashudu na chumvi ya mifugo, akaingia ndani nimpimie. Mbuzi akanyoosha shingo, nikaliona donge likipanda kooni mwake, akaanza kutafuna huku ananitazama. Malori yalikuwa yanapita barabara kuu na moshi wao wote, lakini ile pumzi ilinifikia. Nikasahau nimefika kilo ngapi.

"Dada, vipi, unanipunja au unaniongezea?" mteja akauliza.

Nikamwaga pumba, nikaanza kupima upya.

Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa Msowero. Nasema nilipelekwa kwa sababu sikuulizwa. Mama alikuwa anapika kwenye mgahawa wa kando ya barabara, hapa hapa Mikumi, pale mabasi yanaposimama abiria wale. Tuliishi wawili kwenye chumba cha kupanga, maana baba alishafariki. Mama alitoka kabla sijaamka na kurudi nikiwa nimeshalala, na katikati ya hapo palikuwa na hotpoti mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikitoka shule nilikuwa naifungua, naangalia kilichomo, naifunga. Chakula kilikuwa kizuri, mama ni mpishi bwana, lakini kilikuwa hakipiti kooni. Jioni nilimpa mbwa wa mwenye nyumba, ambaye alinenepa mwaka ule mpaka watu wakamsifu.

Siku moja mama akanipandisha juu ya mzani wa zahanati, akatazama mshale, akanishusha. Wiki iliyofuata alipanga nguo zangu kwenye lile begi la mistari tunaloliita shangazi kaja. Sisi tulilibeba kinyume, mimi ndiye niliyekuwa naenda kwa shangazi. Njia nzima mpaka Kilosa, na kutoka Kilosa mpaka Msowero, sikumsemesha. Niliamini nimemchosha, ananitupa.

Shangazi Eliza, dada wa marehemu baba, alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, mama wa kanisa, aliyekuwa akiudhika anahamia Kikaguru ili tusimfuate. Alikuwa na watoto watatu, na wote walikula kwenye sinia moja, mikono inagongana, kelele tupu. Siku ya kwanza nilikaa pembeni ya sinia, Stela, mkubwa wao, akanisogezea mboga upande wangu. Nilimega tonge moja tu. Siku ya pili nikaomba sahani yangu, nikaenda nayo stoo, nikakaa juu ya gunia la mpunga. Shangazi alinitazama, akaniacha.

Na kila Jumapili, siku yake ya mapumziko mgahawani, mama alipiga simu. Alikuwa na mtindo wake: alipiga saa ya chakula cha mchana, wakati wowote mwingine hakutaka. Napewa simu nikiwa na tonge mkononi, naye anauliza swali lile lile: "Unakula na nani?" Nikimjibu ninavyojua mimi, anasema, "Haya, endelea kula tu, usikate." Basi nakula simu ikiwa sikioni, na yeye huko kimya. Niliona ni upuuzi wa watu wazima. Na nilimdanganya, nilisema nakula na kina Stela.

Shangazi alikuwa na mbuzi mmoja tu, jike, aliyempata kwenye kikundi cha kina mama wa kanisa. Huyo mbuzi alizaa mwanzo wa mvua, siku ya pili akafa, akaacha dume dogo linalolia kama mtoto mchanga. Shangazi alikuwa amebanwa na mpunga shambani. Akanikabidhi yule mdogo pamoja na chupa ya soda yenye chuchu ya mpira.

"Mnyweshe," alisema. "Akifa, usilie."

Alikuwa wa rangi ya kaki, na paji lake lilikuwa na alama nyeupe ya mraba, mahali pa stempu. Nikamwita Bahasha. Maziwa yalitoka kwa jirani yetu mfugaji, ambaye sote tulimwita Yeyo Naserian, yeyo ni mama kwa Kimaasai. Kila asubuhi alivuka kijito na galoni yake, shanga zikilia, shangazi akampa pumba, yeye akatupa maziwa. Watu wa upande wetu na wa upande wao hawakuzoeana sana siku zile. Walisalimiana, wakabadilishana vitu, basi. Mimi nilikuwa napokea galoni, naamkia shikamoo, naitikiwa marahaba, naondoka mbio kwa mwanangu.

Niwaambie ukweli, sijawahi kupendwa na kiumbe yeyote kama nilivyopendwa na Bahasha miezi ile. Alilala juu ya kanga yangu. Nikitoka shuleni ananisikia toka njiani, analia. Shule yenyewe sikuwa na rafiki, watoto waliniita Mikumi, na kwa kuwa kwetu kuna mbuga wakaniuliza kama nimewahi kulala na simba, na mimi sikuwa mwepesi wa kujibu. Kwa hiyo maneno yangu yote ya siku nilimletea Bahasha stoo. Tukala pamoja, mimi sahani yangu, yeye chupa yake.

Alipokua kidogo nikaanza kumwonjesha vyangu. Uji wenye sukari. Ugali nilioukanda kwa maziwa. Jumapili, kipande cha chapati. Majani sikumpa. Majani, kwa akili yangu, yalikuwa chakula cha mbuzi, na Bahasha hakuwa mbuzi. Alikuwa mtu wangu. Kundi la Yeyo Naserian likipita mbele ya nyumba kwenda malishoni, Bahasha alisimamisha masikio, na mimi nilifunga mlango wa stoo kwa komeo.

Alipofikisha mwezi wa tatu tumbo lake likaanza kuvimba. Nikafurahi, nikadhani ananenepa. Lakini mgongo ulikuwa unachongoka, nikipitisha kiganja nahesabu mifupa, na manyoya yakasimama ovyo, hayana mng'ao. Akaharisha. Nikaongeza uji. Kadiri nilivyoongeza ndivyo alivyozidi kulala, na siku moja nilitoka shule sikusikia sauti yake toka njiani. Nilipofungua mlango aliinua kichwa tu.

Asubuhi yake, Yeyo Naserian alipoleta maziwa, sikukimbia. Nilimshika shuka nikamvuta mpaka stoo. Alichuchumaa, akamtazama Bahasha machoni, akamfunua mdomo, akanusa. Halafu akakunja ngumi, akaikandamiza ubavu wa kushoto wa Bahasha, nyuma ya mbavu, pale penye kishimo, akatulia. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi.

"Hapa ndani kimya," alisema. Kisha akaniuliza, "Hii mbuzi inakula na nani?"

Nilishtuka, maana swali lile nililijua.

"Na mimi," nikasema.

"Wewe si mbuzi." Hakulisema kwa ukali. "Haijacheua hata siku moja hii. Itacheua nini? Nani ameifundisha?"

Alimtuma mtoto wake akamlete mbuzi jike mzee kutoka kundini. Tukamsubiri yule bibi apumzike, aanze kucheua. Donge lilipofika mdomoni, Yeyo Naserian alimbana taya, akaingiza vidole viwili, akachomoa tonge la kijani linalotoa mvuke. Hapo ndipo nilipoipata ile harufu kwa mara ya kwanza. Akalikoroga kwenye kikombe na maji ya uvuguvugu, akamnywesha Bahasha, taratibu, akimpapasa koo. Mimi nilikuwa nimeziba pua, machozi yananitoka.

"Tonge la bibi yake," alisema. "Sasa uji basi. Kesho nakuja kuichukua. Ikae na wenzake, ile majani, ilambane nao. Ikibaki humu itakufa."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni na jembe begani, alisema, "Umesikia?"

Nilisikia vizuri sana. Na kesho yake, kabla galoni haijavuka kijito, nilimbeba Bahasha nikamficha nyuma ya magunia, nikamfunika kanga, nikaenda shule. Shangazi, aliyekuwa akiwahi shambani, nilimwambia ameshachukuliwa, ili Yeyo Naserian akija akute nyumba tupu. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye duka, na bado nikifika hapa natamani niparuke. Nilijua atakufa. Niliambiwa kwa maneno mepesi kabisa. Ila niliona bora afe akiwa wangu kuliko apone akiwa wa wengine. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuwaza hivyo, tusidanganyane.

Darasani sikusikia kitu. Kipindi cha hesabu nikasimama nikatoka, mwalimu ananiita, nikakimbia mpaka nyumbani. Bahasha alikuwa amenyoosha shingo kwenye sakafu, pumzi fupi fupi. Nikamtia mgongoni, nikamfunga kwa kanga kama mtoto, nikavuka kijito peke yangu kwa mara ya kwanza. Kwenye boma mbwa walinibwekea. Yeyo Naserian alitoka, akatutazama, hakuniuliza jana wala leo. Alimshusha mgongoni mwangu. Nikamwona akikunja ngumi tena na kusubiri, kisha akaita aletewe yule mbuzi mzee.

"Nenda nyumbani," aliniambia. "Usije mpaka nikuite."

Hayo mengine nilikuja kuyaelewa sekondari, mwalimu wa baiolojia alipochora ubaoni tumbo la mnyama anayecheua, vyumba vinne. Darasa zima waliandika, mimi nilisimamisha kalamu. Kumbe mtoto wa mbuzi akinyonya, maziwa yanapita kando ya chumba kile kikubwa cha kwanza, yanakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mwisho, na kwa siku hizo anasaga chakula kama mimi na wewe. Kwa hiyo sikukosea kabisa, mwanzoni alikuwa kama mtu. Baadaye ndipo anapaswa kuwa mbuzi. Chumba kile kikubwa kinataka majani ili kikue, na kinataka wakazi: vijidudu visivyoonekana, maelfu kwa maelfu, ambavyo ndivyo vinavyovunda majani. Mbuzi peke yake hawezi kusaga jani. Analisha wale waliomo tumboni, nao wanamlisha yeye. Na hazaliwi nao. Anawapata kwa kulambwa, kwa kula majani yaliyoguswa na mdomo wa mwenzake, kwa kubanana na wengine. Mimi nilikuwa nimemfungia komeo, nikamjaza uji uliochachuka tu ndani ya chumba kisicho na watu.

Jioni ile ya kurudi kutoka bomani nilichukua sahani yangu kama kawaida, nikaenda stoo. Chupa ya soda ilikuwa pale chini na chuchu yake. Nilikaa juu ya gunia na tonge likagoma kushuka, kama enzi za hotpoti. Nilijaribu mara mbili. Mwisho nikainuka, nikaenda nikasimama nyuma ya watu wa sinia, sahani mkononi. Stela hakugeuka hata kunitazama, alisogea tu, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja. Shangazi akachukua sahani mkononi mwangu, akaimwaga katikati ya sinia. Nilikula mpaka nikalamba vidole, na sikujisikia vizuri hata kidogo. Nilijisikia nimemsaliti.

Yeyo Naserian aliniita baada ya kama mwezi. Kundi lilikuwa limelala kivulini, na sikumtambua mpaka nilipoiona stempu. Alikuwa amejaa, manyoya yanang'aa, amebanwa katikati ya wenzake, ubavuni mwa yule mbuzi bibi, kama ndiye aliyemzaa. Nikamwita. Aligeuza shingo, akanitazama, donge likapanda kooni, akaendelea kutafuna. Hakuinuka.

Yeyo Naserian alinishika mkono, akanikunja ngumi, akaikandamiza kwenye ule ubavu wa kushoto. Ndani palikuwa na ngurumo. Ilipanda chini ya ngumi yangu, ikashuka, ikatulia, ikapanda tena. Nikalia kwa wivu, sitaficha, wivu mtupu, na yeye akaniacha nilie.

Siku hizi wateja wanakuja dukani kutaka kitu cha kunenepesha, nami kabla ya kugusa mzani nawauliza mnyama anakaa na nani. Wananiona mdadisi. Mmoja alishaniambia nijali biashara yangu.

Mama sasa naishi naye. Pasaka iliyopita tulikuwa uani tunachambua maharage, nikamsimulia habari za Bahasha, mpaka za komeo, ambazo sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza asinikatize. Na nikiwa katikati ya maneno yangu mwenyewe, nimefika pale nilipobaki na chupa ya soda na sahani, nikaacha kuchambua. Nilimwona mama kwenye kile chumba cha kupanga, amerudi kutoka kupikia mabasi mazima, ameketi mbele ya ile hotpoti. Miaka yote niliyokaa Msowero, kila Jumapili, aliniuliza nakula na nani, na mimi sikuwahi kumrudishia swali.

Nikamuuliza pale pale. "Na wewe, mama, ulikuwa unakula na nani?"

Alipepeta maharage yake, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Na redio," alisema. "Ila Jumapili nilikuwa naizima, nikusikie unatafuna."