Vijiti vya Mkwaju vya Bu Sumirah

Bu Sumirah hakumpenda yule njiwa tetere, tusimsingizie. Aliyekuwa hajiwezi kwa ndege ni mumewe, Pak Darmo. Kila asubuhi alipandisha tundu juu ya mlingoti uani, akaketi na kahawa yake kusikiliza, huku mkewe akihangaika na mpunga. Mwanamume wa Java asiye na tetere hajakamilika, alisema. Asiye na mke je? Hilo hakuligusa.

Hata hivyo, miguu ya ndege ilitunzwa na mke. Vijiti vya sokoni vya kusimamia ndege tunduni huchongwa kwa mashine, laini, vya unene mmoja. Ndege hukanyagia palepale kila siku mpaka wayo unavimba na kutunga usaha. Bu Sumirah aliuona uvimbe huo alipokuwa akisafisha tundu, akaingiwa na huruma asiyoitaka. Alikata tawi la mkwaju lililopinda, nene huku, jembamba kule, ili vidole vibadili mshiko. Akalichemsha, akalianika kivulini, akakwangua vifundo na kuliachia ganda lake, kisha akalikata vijiti. Ncha moja aliizungushia kipande cha batiki kuukuu, akawa anakifua kila kikichafuka.

"Shoga, kwa mapenzi hayo hata mimi nataka kuwa ndege wako," jirani yake Tukinem alimcheka.

"Njoo. Ila ukiimba vibaya nakuchinja."

Pak Darmo alipofariki, mtoto wao wa pekee, Wahyono, alikuja na mkewe kutoka mjini Semarang. Hitima ilipokwisha, Bu Sumirah alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kifurushi. Nani angemwacha mama mjane peke yake?

"Mama, tetere namchukua," Wahyono alisema. "Bahati ya baba imo kwake."

"Na mimi?"

"Wewe umeshazoea hapa, Mama. Majirani si wapo?"

Alikuwa amenunua tundu jipya lenye nakshi za dhahabu na vijiti vyake vya mashine. Vya mkwaju alivitupa uani, vilimtia aibu. Bu Sumirah angeweza kumwonya. Akanyamaza kwa makusudi, akasubiri.

Simu ikaja kabla ya mavuno. "Mama, tetere anachechemea. Mguu umevimba, na haimbi tena. Ulikuwa unamfanyaje?"

Moyo ukamruka kwa furaha, na papo hapo akajionea haya, maana ndege alikuwa anaumia kwa sababu yeye hakumwonya mwanawe. "Ni hivyo vijiti vya mashine vinavyomuumiza. Nakuja mwenyewe kumtibu," alisema.

"Usijisumbue. Tutumie tu vile vijiti kwa basi."

"Vijiti vinataka mtu wa kuvitunza, mwanangu. Nichukue. Nyumba hii inanimaliza. Napika sahani moja, nakula nikiutazama ukuta."

Kwenye simu, nyuma ya Wahyono, sauti ya mkwe ilinong'ona kitu. Kisha Wahyono akasema, kwa upole wa mtu anayeona amejieleza vizuri kabisa, "Chumba cha akiba tunacho kimoja tu, Mama, na tetere ndimo tulimomtundika. Kina upepo mzuri."

"Haya," alisema Bu Sumirah.

Akachukua panga, akaenda kukata tawi jipya. Alilia kwa sauti, bila kujali kama Tukinem anasikia. Alimchukia mwanawe siku hiyo, alimchukia kweli. Ila ndege hakuwa na kosa, kwa hiyo alikaa kibarazani akavikwangua vifundo vyote, kimoja kimoja, mpaka kiganja chake hakikuhisi hata kimoja.