Mfereji wa Shaba

Juzi mjukuu wangu alikimbia kufunga mfereji wa uani bila kutumwa, na harufu ya oili iliyoungua ikanirudia.

Baba alikuwa fundi wa magari pale Makongeni. Mteja alimletea gari kuukuu la mbio, ambalo oili yake ilikaa katika tangi, mbali na injini. Kila akibadilisha oili, ile ya tangini ilimmwagikia hadi viwikoni. Basi akaunganisha mfereji mdogo wa shaba kwenye paipu. Akiufunga, oili ilibaki tangini. Akiufungua, ilishuka kwenye injini.

Alasiri hiyo alimaliza kazi, akaufungua, akaenda kunawa. Nikapita, nikauona wazi. Mama alitufunza kwenye mfereji wa mtaa: ukiukuta wazi, funga. Nikaufunga kabisa, nikajiona mtoto mwema.

Baba akawasha gari. Liliunguruma kidogo, likakwaruza kama sufuria sakafuni, likazima; injini ilikuwa imeungua kwa kukosa oili. Akainama, akauona mfereji.

“Nimesahau, mama,” akaniambia polepole. “Hii mikono imezeeka.”

Nilidhani inamuuma, nikamletea maji ya moto.

Hakushika tena gari la mtu. Nilipokuja kuelewa, alikuwa angali hai. Sikumwambia.