Maziwa ya Mgonjwa Wangu

Maziwa yakianza kushika chini ya sufuria, mimi hutoka nje. Mke wangu amezoea. Wageni wanaokuja kwangu hapa Dodoma mjini hucheka wakiona mwanamume mwenye malori na mashine za kukamua alizeti anaikimbia harufu ya maziwa yaliyoungua. Wacheke. Shule niliacha darasa la nne, na leo waliomaliza vyuo wananiita bosi, kwa hiyo kicheko cha mtu hakinipunguzii kitu. Lakini ninyi nitawaeleza.

Kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi Mvumi, tulikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Shaba. Nasema tulikuwa naye, ila alikuwa wangu. Nilichunga naye mbuzi kwenye vichaka vya miiba, na niseme ukweli, mchungaji kama mimi hakuwapo: fisi walikuwa wananiogopa. Haya, walimwogopa Shaba, lakini sisi tulikuwa kitu kimoja. Mtu mwingine akimgusa, meno. Mjomba Yona, kaka yake mama, aliyekuja kukaa nasi baada ya baba kufariki, alikuwa na kovu kwenye goko la mguu kuthibitisha hilo.

Kiangazi kimoja Shaba akaugua. Tumbo likajaa maji, miguu ikabaki mifupa, macho yakajaa tongotongo. Alihema kama anapanda mlima, kumbe amelala. Nilihamishia ngozi yangu ya kulalia zizini, nikawa namlisha ugali na mlenda kwa vidole, maana mlenda unateleza wenyewe kooni. Akimaliza alinilamba kiganja kwa ulimi wa moto. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ataambukiza mbuzi.

Jioni moja mjomba akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mjomba wangu," akaniambia, "huyu tumpeleke Mvumi. Hospitali."

"Wanatibu mbwa?"

"Madaktari wale? Hata kuku wanatibu!"

Nikamtazama mama. Mama akainamia moto, akachochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu. "Msikilize mjomba wako," akasema.

Asubuhi nikamfunga Shaba kamba shingoni, maana hakuna mwingine aliyethubutu. Mjomba akavuta, Shaba akaketi chini na kuonyesha meno. Nikamshika masikio nikamwambia, "Nenda, baba. Watakuchoma sindano, utapona." Basi akainuka, akiyumba, akamfuata. Kila baada ya hatua chache aligeuka kuona kama bado nipo. Nilikuwapo, nampungia mkono.

Mjomba alirudi peke yake. "Amelazwa," akasema.

Sasa, kwetu mgonjwa akilazwa, ndugu ndio wanaompelekea chakula. Hospitali inatoa dawa, uji unatoka nyumbani. Ningemwachaje Shaba akodolee macho bakuli la mgonjwa wa kitanda cha pili? Kila alfajiri nikachemsha maziwa, nikayatia kwenye kibuyu, mjomba akaondoka nayo, kwani alikuwa na kibarua cha kufyatua matofali upande wa Mvumi. Nilipoomba kufuatana naye alisema watoto hawaruhusiwi wodini. Hilo lilikuwa kweli. Lilinikuta baba alipokuwa anaumwa. Kibuyu kilirudi kitupu, nami nikafurahi.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" jirani yetu mama Lea alikuwa akiniuliza.

"Anamaliza maziwa yote!"

"Mungu ni mwema," anajibu, kisha anakimbilia nyuma ya nyumba, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Nilimpenda sana kwa hilo.

Siku moja nilisinzia mekoni, maziwa yakaungua. Mjomba akanusa kibuyu, akakunja uso. "Yananuka haya. Leo yaache." Akaenda zake.

Lakini Shaba hakuwa mtu wa kuchagua chakula. Nikabeba kibuyu mwenyewe, nikaenda.

Getini kulikuwa na mlinzi mzee aliyevaa koti refu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na kibuyu hicho?"

"Cha mgonjwa."

"Watoto hawaingii. Lete, nitampelekea. Anaitwa nani?"

"Shaba."

"Shaba nani?"

"Shaba tu. Mwekundu. Tumbo limejaa maji."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Dume."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Halafu akaniona uso, akavua kofia. "Mjukuu wangu, nani kakwambia yuko hapa?"

"Mjomba. Na mama."

"Hapa wanalala watu tu," akasema polepole.

Nilirudi na kibuyu kimejaa. Mama alipokiona, hakuniuliza nimetoka wapi.

"Shaba yuko wapi?" nikauliza.

"Korongoni. Siku ileile. Mjomba wako alitumia rungu."

"Na maziwa?"

Akakipokea kibuyu mkononi mwangu. "Mjomba wako anafanya kazi nzito, mwanangu."

Miaka mingi nilijiambia walinidanganya kwa huruma, nisiumie. Nililimeza hivyo, nikaenda mjini, nikabeba magunia ya watu mpaka nikawa na magunia yangu. Kisha mbwa wa kulinda mashine yangu akaugua, akawa hashikiki. Msimamizi wangu akanijia kwa adabu zake: "Bosi, mwite wewe. Kwako atakuja."

Nikamwona tena Shaba akigeuka njiani, nami nampungia mkono.

Kumbe haikuwa huruma. Kumpiga Shaba rungu wangeweza siku yoyote, wakaniambia ameliwa na fisi. Walichoshindwa ni kumtoa zizini bila kuumwa. Walihitaji mdomo anaouamini. Hospitali, sindano, wodi, yote yalitungwa ili mimi niseme "nenda" na kumaanisha.

Yule mbwa wangu nilimpakia kwenye gari mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo, kichwa chake mapajani mwangu, na alipokufa nilikuwapo.

Mjomba sasa ni mzee. Nimemjengea nyumba ya bati, namlisha mimi, wala sijawahi kumuuliza neno. Akija mjini namkaribisha kitini, namwamkia vizuri, mke wangu anamletea chai.

Ya rangi. Maziwa kwangu hanywi.